Pikipiki Aliyoichagua Jaduong'

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimesimama kwenye nyasi za boma la karani wa pamba, nje kidogo ya Rodi Kopany. Mbele yangu kulikuwa na pikipiki mbili, na baba yangu alikuwa amechutama hadi macho yake yakawa sawa na yangu. Aliniuliza, kwa sauti ya heshima aliyowapa wazee tu, "Baba, tuchukue ipi?" Ningesema sijui. Ningekimbia nikajifanya naenda kukojoa. Ningelia tu, maana mtoto akilia wakubwa huacha kumwuliza mambo. Badala yake nilichagua.

Lazima nieleze kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu alimwuliza mtoto wake swali kama lile, tena akamwita baba. Ninyi wa umri wangu mliokulia upande wetu hamhitaji maelezo, lakini wajukuu wenu watayahitaji. Jina langu ni la babu, mzazi wa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Wanasema nilipozaliwa nililia bila kunyamaza na nikakataa ziwa. Walinitajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na walipofika kwa babu nikanyamaza, nikanyonya. Basi ikawa ni yeye aliyekuja. Baba aliniita Baba. Dani, yaani bibi yangu, mjane wa babu, aliniita mume wangu mbele ya watu, nao wakacheka. "Mume wangu, umekula? Mume wangu, mbona hujaoga, unataka watu waseme nimeolewa na nguruwe?" Na mambo ya nyumbani yalipokuwa mazito walisema, nusu mzaha nusu kweli, tumwulize Jaduong'. Kwa Kiluo jaduong' ni mzee, mwenye boma. Huyo mzee nilikuwa mimi, kaptura imetoboka matakoni.

Hadi leo sijui baba aliamini kiasi gani. Mimi niliamini kabisa. Nilidhani babu yumo ndani yangu kama mtu aliyeketi chumba cha pili, na kwamba siku moja atakohoa na nitamsikia.

Nisingeyaandika haya kama mjukuu wangu hangekuja juzi na rafiki zake kutoka Migori. Vijana wana pikipiki zao, wanataka kupita bonde la Lambwe hadi Magunga kwa kujifurahisha, walale kwenye hema, wapige picha. Walitandaza vitu vyao kwenye nyasi zangu: kamba, mitungi ya petroli, mifuko mipya ya turubai. Jua lilipoipiga ile turubai, harufu yake ikachanganyika na ya petroli na ikanifikia pale barazani. "Babu," mjukuu akaniuliza, "ungekuwa wewe, hema ungefunga juu ama kando?" Niliinuka nikaingia ndani, nikafunga mlango. Alidhani nimeugua. Alinigongea akiniuliza kama nimemeza dawa ya presha.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka pale Rodi, mahali pazuri, watu wakipita kwenda Homa Bay na wengine wakielekea Rongo. Kisha mafundi wakaongezeka hadi baraza ikajaa, na wateja wakawa wanatembea kutoka cherehani hii hadi ile wakiuliza bei kama wanaonunua nyanya. Wakati huohuo, ng'ambo ya bonde la Lambwe, shule zilikuwa zinafunguliwa na hakukuwa na wa kuwashonea watoto sare. Baba akafikiria kuwapelekea cherehani hukohuko kwa pikipiki. Alikuwa na ya mkono, inayozungushwa kwa mpini, ndani ya sanduku lake la mbao. Angechukua hiyo, pasi ya makaa na jora la kitambaa, na mama angekaa nyuma yake, kwa sababu wanawake wa kule wasingekubali kupimwa kifua na mwanamume wasiyemjua. Ilipangwa iwe safari ya watu wawili.

Mama alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, karibu na mpaka. Yeye na baba walikutana sokoni Migori, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakapendana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Dani naye alikizungumza kwa sauti ya juu, kama mtu anayefukuza kuku. Alimwita mama Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na hakumchukia. Ila hakusahau kwamba alitoka mbali. Kwao mama walifuga punda. Tangu akiwa msichana alipakia mahindi mgongoni mwa punda na kuvuka nao vilima kwenda sokoni, na alijua mzigo kama baba alivyojua mshono.

Yule karani wa pamba alikuwa anaacha kazi kurudi kwao, na pikipiki zake mbili alitaka kuziuza kwa bei moja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyembamba, haina taa, bati la juu ya tairi limeinuliwa kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Tairi zake zilikuwa na meno makubwa yaliyojaa udongo mkavu. Niliiona kama kuku aliyenyonyolewa. Ya pili ilikuwa nyeusi na pana, na tangi lake liling'aa hadi nikauona uso wangu ndani yake, umevutika na kuwa mpana kama wa mtu mkubwa.

"Niambie ukweli," baba alimwambia karani. "Mimi nakwenda Magunga, tena na mzigo."

"Hii ndogo imefika Magunga mpaka inajua njia yenyewe," karani akasema. "Hii kubwa ni ya barabara."

"Barabara gani?"

"Si hiyo ndiyo tunangojea serikali ituletee!"

Walicheka wote wawili. Mama hakucheka. Aliomba pikipiki zilazwe chini kwenye nyasi.

"Mama, pikipiki hainunuliwi ikiwa imelala," karani akamwambia.

"Itanunuliwa imesimama," mama akajibu, "lakini huko mbele italala. Nataka kuona ni nani ataiinua."

Alikaza leso kiunoni, akashika usukani wa ile ndogo kwa mkono mmoja na karia ya nyuma kwa mkono wa pili, akapiga goti, akainua. Ikasimama. Akaenda kwa ile nyeusi. Alijaribu, ikakataa. Akageuka akaipa mgongo, akasukuma kwa miguu kama wanavyomwinua punda aliyeanguka na mzigo. Ilijongea kidogo ikarudi palepale. Baba akaja kumsaidia, na hata hao wawili waliisimamisha kwa kuguna.

"Umeona?" mama akasema, anahema. "Hii si yetu."

Hapo jambo lingekwisha. Baba alikuwa ameshamsogelea karani, mkono mfukoni. Lakini Dani alikuwa amekuja nasi, ameketi juu ya gunia kivulini, na ile nyeusi alikuwa ameipenda tangu aione.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ng'ombe ya kwanza ya boma yetu, nani alichagua? Jembe ya ng'ombe, nani alichagua? Si Jaduong'? Na si huyu hapa anajikuna? Muulizeni."

"Mama, huyu ni mtoto," mama yangu akasema, taratibu.

"Mtoto kwako wewe. Kwangu ni bwana."

Karani alicheka sana. Baba pia alitabasamu, lakini akaja, akachutama mbele yangu, na nilipomtazama tabasamu lilikuwa limekwisha. Ndipo akaniuliza lile swali.

Nilifumba macho nikangoja babu akohoe. Sikusikia kitu. Nilisikia aibu tu, kwamba watu wazima wananingoja na chumba cha pili ni kitupu. Ndipo karani, labda ili kunisaidia, akapiga kiki ile ndogo. Ililia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Akaizima, akapiga kiki ile nyeusi. Mlio wake haukuingia masikioni mwangu, uliingia kifuani. Mbavu zilitetemeka, tumbo likatetemeka, na ndani kabisa, mahali pale nilipodhani babu ameketi, kitu kikanguruma. Nilijua kwa hakika ni yeye. Nilikuwa nimemngoja tangu nipate akili, na sasa amesema.

"Hii," nikasema, kwa sauti nzito niliyoitoa tumboni.

Dani alipiga kigelegele. Mama alifungua mdomo, na Dani akamwahi, "Nyar Kuria, unataka kubishana na baba mkwe yako?" Ulikuwa mzaha. Lakini kwetu mke wa mtu habishani na baba mkwe wake, hamkazii macho, hakai alipoketi yeye, na hata mzaha unaotaja jambo hilo una uzito wake. Mama alifunga mdomo. "Mzee ameshasema," akajibu, akainama kuokota majani yaliyonasa kwenye leso. Hakunitazama njia nzima kurudi nyumbani. Mimi nilikaa mbele juu ya tangi, baba akiiendesha polepole kando yao, nikinguruma.

Siku chache baadaye walianza kupakia. Mama hakuwa mtu wa kununa. Alichukua turubai kuukuu, akaiweka chini ya sindano ya baba, akashona mifuko miwili mikubwa ya kuning'inia ubavuni, mmoja huku na mmoja huku, na mikanda ya kuifunga isipigepige. Nilikaa karibu naye nikivuta ile harufu. "Kizito kiwe chini," alimweleza baba, akionyesha kwa viganja. "Na pande zilingane. Cherehani mfuko huu. Pasi, makaa na spana mfuko ule, na kama bado hazijalingana tunaongeza jiwe. Petroli hapa, mbali na makaa. Juu nibaki mimi tu. Mimi nina miguu, ikianguka nitaruka."

Baba alikuwa anakubali kila neno. Alishaiinua cherehani aiingize mfukoni niliposema, "Ikae juu."

Mnisamehe nikilieleza hili polepole. Hakuna kitu kilichonguruma safari hii. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu watu wa Rodi wakiiona pikipiki yetu ikipita waione na cherehani, ile shingo yake nyeusi na maua yake ya dhahabu, nje ya sanduku, juu kabisa, wajue ni ya nani. Mfukoni nani angeiona? Na nilikuwa nimekwisha onja jinsi inavyokuwa mtu akisema neno moja na wakubwa wakanyamaza. Nikasema, "Jaduong' anataka ikae juu. Watu waione."

"Mume wangu ni mtu wa biashara!" Dani akapiga makofi.

Baba alimtazama mama, akanitazama mimi. Nikifikiria sasa, naona naye alilitaka hilohilo. Alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Hata suruali zake za kazini alizipiga pasi. Akaiweka cherehani juu ya karia, akaikaza kwa kamba ya katani na vipande vya tyubu, na juu yake akalaza jora la kitambaa cha bluu cha sare. Alipomaliza, nafasi ya mama haikuwepo.

"Basi nitakwenda peke yangu mara hii," akasema. "Niione njia. Wewe utakuja ya pili."

"Na wanawake watapimwa na nani?"

"Watajipima wenyewe, mimi nitafumba macho."

"Fumba," mama akasema, "usije ukafumbuliwa na waume zao." Alicheka kidogo, akatia kibuyu cha maji kwenye ile mifuko iliyokuwa karibu mitupu, na panga, na viazi vitamu vilivyochemshwa. Kisha akashika karia akaitikisa. Pikipiki nzima iliyumba kutoka juu. "Kichwa kizito," akasema. "Punda wa namna hii kwetu hatoki bomani." Alisema akimtazama baba. Mimi sikutazamwa.

Baba aliondoka asubuhi na watoto wa soko zima wakimkimbilia nyuma. Nilikuwa wa kwanza mbele yao. Kama ningeulizwa siku ile, ningesema sijawahi kuwa na furaha kama hiyo, na kusema kweli sijawahi tena.

Yaliyotokea bondeni tuliyajua kwa kusimuliwa naye aliporudi, na aliyasimulia kama kichekesho. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa vilima. Kule chini, karibu na vichaka ambavyo leo viko ndani ya mbuga ya Ruma, udongo ni ule mweusi unaojaa kwenye tairi hadi tairi likaacha kuzunguka. Alipojaribu kutoka kwenye mfereji wa magurudumu ya malori, cherehani ikavuta upande mmoja, na pikipiki ikaenda pamoja nayo. Ilimwangukia mguuni. Haikuuvunja, udongo ulikuwa laini, ukaumeza mguu, na ile nyeusi ikakaa juu yake. Alisukuma, akachimba kwa mkono, akaita. Panga lilikuwa mfukoni upande wa chini. Hakupita mtu tangu jua likiwa utosini hadi lilipoanza kuinama, ndipo wachungaji wanaorudisha ng'ombe wakasikia sauti yake. Walihitaji kuwa wanne kuiinua.

"Kilichonitesa si mguu," baba alisema, akicheka. "Ni mbung'o. Wale nzi wanauma hata kupita shati. Ikabidi nivute jora nijifunike gubigubi kama maiti. Na bado wakaja! Kadiri nilivyojifunika ndivyo walivyozidi."

Sisi tulicheka naye. Nikiwa mtu mzima niliiona mitego ya mbung'o iliyowekwa bondeni, na nikaona imeshonwa kwa kitambaa cha bluu, kwa sababu rangi hiyo ndiyo inayowaita. Siku niliyoiona mitego hiyo nilikaa kando ya njia hadi jua likazama.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua. Wachungaji walimpeleka kwao, akakaa nao siku kadhaa akiwashonea, na Magunga akafika vilevile, akirudi amefunga kuku wawili na chungu cha asali pale palipokuwa na jora. Alichechemea kidogo. Shingoni alikuwa na uvimbe mwekundu, mgumu kama kokwa, ambao Dani aliukanda kwa chumvi. "Jaduong' alimlinda," Dani akasema. "Ingekuwa ile pikipiki ndogo, angezama nayo." Nami nikalibeba neno hilo kifua mbele hadi shuleni.

Kisha zikaja homa. Alinunuliwa vidonge vya malaria dukani, homa ikapoa, ikarudi, ikapoa. Kichwa kikamuuma. Halafu akaanza kulala. Alilala kwenye cherehani katikati ya mshono, mkono kwenye mpini, sindano imesimama ndani ya kitambaa. Mteja alikuja kuchukua gauni la bintiye akakuta mkono mmoja umeshonewa tumboni. Mafundi wenzake walifanya mzaha: "Fundi, mkeo Mkuria hakupi nafasi usiku!" Baba, ambaye hakuwahi kukosa jibu la mzaha, alirusha pasi. Haikumpata mtu. Aliiangalia pale chini kama hajui imefikaje, akaketi, akasinzia.

Mama aliona mapema kuliko wote. "Huu si uchovu," alisema. "Twende hospitali Homa Bay. Watu wa bonde wanajua ugonjwa wa kulala, nimewasikia sokoni."

Dani hakutaka. Alisema hospitali ni mahali watu wanatolewa damu na kurudi wamelala kwenye mkeka. Lakini hakuwa mkatili, alikuwa mama anayeogopa, na mama anayeogopa hutafuta wa kumwuliza. Aliniita jikoni kwake. Alinishika mikono yote miwili, na mara hii hakuniita mume wangu kwa kicheko.

"Mume wangu, mtoto wetu anaumwa na nini? Niambie. Ni hii pikipiki? Iondoke?"

Mama alikuwa mlangoni. Baba alikuwa nje, amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi, jua linampiga usoni. Nilijua jibu lipi litaondoa pikipiki. Ningesema ndiyo, ingeuzwa, na kila mtu angejua kwamba nilichagua vibaya, na kwamba ile ngurumo ya kifuani ilikuwa ya injini tu. Nilimtazama baba tena. Alikuwa anapumua vizuri. Kwa akili yangu ya kitoto, kulala kulikuwa kitu kizuri. Mimi mwenyewe nilipoumwa niliambiwa lala utapona.

"Amechoka," nikasema. "Wacheni alale."

Wakamwacha alale. Nani angempinga Jaduong' mara ya pili? Mama akaondoka pale mlangoni, nikamsikia akisogeza mkeka baba asipigwe na jua.

Ilipita miezi ya kulala. Siku mama alipoamua kutojali neno la mtu yeyote, aliazima mkokoteni wa ng'ombe, akamlaza baba juu yake, akatembea mbele akishika kamba mpaka kwenye barabara ya malori. Dani alipiga mayowe nyuma yake kwamba anamwua mwanawe. Mama hakugeuka. Hospitalini walimpima maji ya uti wa mgongo, na daktari akamweleza mama kwa upole kwamba ni malale, ule ugonjwa wa mbung'o, na kwamba yameshafika kichwani. Walijaribu dawa. Baba alifariki bila kuamka vizuri. Mama aliniambia kwamba neno la mwisho la baba alilolielewa lilikuwa la kuomba uzi.

Ile nyeusi iliuzwa kugharamia mazishi. Sikuiona ikiondoka, nilisikia tu.

Baada ya matanga, ndugu wa baba alitajwa kuwa ndiye atakayemrithi mama, kama ilivyo desturi. Mama alikataa. Alisema hivyo mbele ya wazee, amesimama, kwa Kiswahili, kila mtu asikie: "Nilimfuata mmoja. Huyo amekwisha. Narudi kwetu na watoto wangu." Walimwachia dada yangu mdogo, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye kitambaa. Wazee walianza kubishana kuhusu mimi, wengine wakiona mtoto amfuate mama yake hadi akue, na nakumbuka walikuwa karibu kukubaliana.

Ndipo Dani akasema, na hakuwa anafanya mzaha, kwa kuwa ndani ya wiki moja alikuwa amezeeka kupita kiasi na hakuwa na kitu kingine cha kushika: "Jaduong' anaweza kwenda kukaa kwa wakwe zake? Nani aliona? Mwenye boma aache boma yake, akalishwe na wazazi wa mke wa mtoto wake?"

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akanigeukia akauliza, "Wewe mwenyewe unasema nini, Jaduong'?"

Nilikuwa na mdomo. Ningesema mimi ni mtoto, nataka mama. Mama alikuwa amesimama hatua chache tu, dada yangu mgongoni, ananitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya karani. Lakini kuna kiburi ambacho mtoto akishakivaa hajui jinsi ya kukivua mbele ya watu, na chini ya kiburi hicho kulikuwa na hofu: kama mimi si babu, basi ni nani aliyemchagulia baba kifo? Nilinyamaza. Wazee walichukua kimya changu kuwa jibu. Mama alingoja kidogo zaidi yao. Kisha akaenda.

Nilimwona tena nikiwa sekondari, niliposafiri peke yangu hadi Kehancha. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, akanipa kiti pekee cha nyumba ile, naye akabaki amesimama hata nilipoketi. Alizungumza akitazama chini. Nilimwambia, "Mama, kaa basi." Akasema, "Niko sawa." Hakuwa na hasira, hasira ningeipokea. Dada yangu, ambaye hakunijua, aliniuliza kama nimetoka mbali. Sikusema hata neno moja kati ya yale niliyoyaandaa.

Baba hakufikisha umri wa kuota mvi. Angekuwa na mama nyuma yake na pikipiki ambayo mama aliweza kuiinua, asingelala chini ya vichaka vile mchana kutwa. Na angepelekwa hospitali pale mama aliposema, daktari angemkuta bado anaamka. Mimi ndiye niliyezuia yote hayo. Mama alizeeka na kuzikwa kwao, na habari zilinifikia ameshazikwa. Kwa neno moja la kwenye nyasi nilimpoteza baba yangu, na kwa kuendelea kulishikilia nikampoteza mama yangu angali hai, na hakuna hata mmoja wao niliyewahi kumwomba msamaha.